Basse Inayosikika Boga, Bigo Hapana

Ukiacha barabara kubwa ukateremka kuingia Bigo, hapa Bunia, kabla ya kufika kanisani utakuta banc ya mbao imeegemea ukuta wa nyumba ya kuchajia simu. Mbele yake Jeannine anauza kahawa ya tangawizi, ile inayomwamsha mtu mpaka masikio. Wanaoketi pale wameiita ile banc Sénat, kwa sababu hakuna aliyewahi kuinuka hapo akikubali kwamba ameshindwa. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imelaza vumbi, jua limetoka vizuri, na Sénat imekaa kamili. Alikuwapo Antoine, mwenye nyumba ya chaji, wanayemwita Voltage. Alikuwapo Aimé, mpiga gitare ya solo wa kanisa lingine hapo ng'ambo, wanayemwita Sebene. Na mzee Lambert, wanayemwita Météo, kwa sababu zamani alibeba vyombo vya kupimia mvua kwenye uwanja wa ndege, na tangu siku zile anaongea juu ya hewa kana kwamba ni shamba aliloachiwa na baba yake. Katikati yao aliketi Fiacre, muuza mbao na mpiga basse, gitare ya sauti nzito, katika chorale ya kanisa, kikombe kimempoa mkononi.

Fiacre alikuwa na shida, na shida yake Bigo yote iliijua. Kanisani basse yake haikusikika. Watu walimwona, walimsalimia, walimwombea, lakini kumsikia hapana. Bénédicte mke wake, anayeketi banc ya tatu, alimwambia bila ubaya: «Minaona vidole tu, papa, sawa mutu anachagua mchele.» Mwishowe pastor akamwita pembeni, akamwekea mkono begani, na mkono wa pastor begani si dalili nzuri. Alimpa mpaka dimanche, Jumapili ya mavuno. Kama siku ile basse haijasikika, Fabrice wa clavier, yule wa kinanda, ataipiga kwa mkono wake wa kushoto, na Fiacre atarudi kuimba na matenor. Sasa Fiacre aliijua sauti yake ya tenor, na mbuzi wa Bigo wote waliijua, kwa sababu walikuwa wanaiitikia.

Chorale ilikuwa imekubaliana kumnunulia kitu kimoja, kimoja tu, achague mwenyewe: ampli mpya, kile chombo cha kukuzia sauti, au pédale, vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitare. Mfanyabiashara Kambale alikuwa anaelekea Kampala asubuhi hiyohiyo, kwa gari la Kasenyi mpaka ziwani. Alisimama mbele ya Sénat, mguu mmoja juu ya banc, begi mgongoni, akingoja jibu. Na Fiacre, tuseme ukweli mbele za Mungu, alikuwa ameomba juu ya jambo hilo kwa siku nyingi. Lakini kila mara alipopiga magoti kuomba ampli, alijikuta anamweleza Bwana ile taa ndogo nyekundu inayowaka pédale ikikanyagwa. Aliona haya. Anasema amina, anaanza upya, na taa inarudi.

— Fiacre, sema haraka, Kambale akasema. Chauffeur wa Kasenyi hangojeake mutu. Ampli ao pédale?

— Usimusukume, Voltage akasema. Haya ni mambo ya elimu. Fiacre, ile ampli yenu ya sasa, unaibebaka na batu wangapi?

— Mi mwenyewe. Na mukono moja.

— Umesikia mwenyewe. Ampli ya basse, kama mutu anaweza kuibeba peke yake, ile hapana ampli. Ile ni radio. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa inaingia wapi? Sebene akauliza.

— Inaingia ku basse. Basse inapigwaka na vidole mbili. Bazee walijua.

Jeannine alimimina kahawa akatikisa kichwa. Voltage akainuka nusu, akanyoosha mikono kuonyesha urefu.

— Mi nilifanyaka sonorisation, mambo ya sauti, ku match ya mupira. Niliweka bafle, spika sawa friji mbili zimesimamiana. Note moja tu ya basse. Nilitia note moja tu, kuku ya jirani ikatoa yai mbele ya saa yake.

— Na ile yai? Jeannine akauliza.

— Tuliikula. Haikukuwa na kosa lolote.

— Kwa hiyo nilete friji, Kambale akasema.

— Ngoja, sijamaliza. Fiacre, pale kanisani, ku multiprise, munachomekaka nani wa kwanza?

Fiacre akafikiri.

— Clavier. Kisha micro ya pastor. Kisha micro ya bamama. Kisha miye.

— Ile njo. Voltage akapiga goti lake kofi. Clavier anakula mbele, pastor anakula, bamama banakula, basse anaokota mifupa. Na groupe, mashine ya umeme, iko inje, nyuma ya choo, waya ya rallonge inazunguka kanisa muzima. Courant inafika kwa Fiacre imechoka. Inatafuta pahali pa kuikala.

— Courant inachokaka? Jeannine akauliza.

— Weye ukitembea toka hapa mpaka ku aéroport, hauchoke?

Jeannine akakubali kwamba anachoka. Voltage akamtazama kila mmoja kama mtu aliyefunga kesi. Fiacre naye alianza kuiona courant, inakuja polepole ndani ya rallonge, kikapu kichwani, inapumzika kwenye kila fundo.

— Voltage anaongea juu ya nguvu, Sebene akasema, kwa upole wa mtu anayetaka kukuchinja. Hata ng'ombe iko na nguvu, na hatujamupatia gitare. Basse inaomba akili, na akili ya basse iko mu mguu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Ile methali ni juu ya heshima, Météo akasema.

— Ni juu ya pédale, muzee. Guu iko ndani yake, angalia muzuri.

Sebene akapanga vikombe vitatu vitupu chini, mbele ya viatu vyake, akaanza kuvikanyaga pole kwa ncha ya soli. Jeannine alivitazama vikombe vyake kwa uchungu.

— Hii ya kwanza ni compresseur. Inakamata note iliyopiga kelele, inaiambia: ikala. Inakamata note yenye haya, inaiambia: simama, mwanangu, watu bakuone. Kila note inakuwa na urefu moja, sawa batoto ba shule mu rang, mu mustari.

— Ile ni muzuri, Fiacre akasema. Kweli ile ni ya kikristo.

— Hii ya pili ni chorus. Ukikanyaga, Fiacre anakuwa Fiacre wawili, na ule wa pili anachelewa kidogo.

— Huyu moja anachelewaka tayari, Jeannine akasema.

— Na hii, Sebene akashusha sauti, hii ni octaveur. Inachukua note yako, inaiteremusha chini, chini kabisa. Shetani mwenyewe anatuma mutu kuuliza: nani anajenga juu ya nyumba yangu?

— Usitaje ule bwana mbele ya kahawa, Fiacre akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umekaza kikombe. Na iko na taa?

— Zote ziko na taa.

— Nyekundu?

— Nyekundu, kijani. Iko moja ya bluu, ukiiona unaweza kulia.

Fiacre akatazama chini. Alijua dhambi yake ina jina, na jina lake ni bluu.

— Muulize juu ya ile siku ya pile, ile betri, Voltage akasema. Aimé, wambie ile ya pastor wenu.

— Ile haina maana.

— Basi mi ntaisema. Huyu aliingiaka mu kanisa lao na pédale wah-wah. Ile inafanyaka wa-wa-wa sawa mutoto muchanga. Bamama bakaanza kuangalia mugongoni, kila moja wake. Aliyekuwa hana mutoto naye akaangalia. Pastor akafikiri roho muchafu ameingia, akaikemea na mamlaka yote. Na dakika ileile pile ikaisha.

— Ilikuwa pile ya zamani, Sebene akasema.

— Kanisa nzima likasema amina. Mpaka leo banahesabu ile siku mu miujiza.

Sénat ilicheka mpaka Kambale akashusha mguu kutoka kwenye banc, akashika tumbo. Fiacre alicheka pamoja nao, ingawa rohoni alijiuliza kama kucheka kemeo la pastor ni kosa, akaamua kuomba msamaha jioni, akaendelea kucheka. Kutoka upande wa barabara kubwa, gari la Kasenyi likapiga honi.

— Basi nilete nini? Kambale akauliza, akifuta macho.

Hapo ndipo Météo alipopuliza kahawa yake. Mzee Lambert akipuliza kahawa ambayo haina moto, Sénat inajua kuna jambo linakuja kutoka mbali.

— Munatafuta sauti ya huyu mutoto hapa, akasema. Haiko hapa. Ilikwisha kuenda.

— Ilienda wapi, muzee?

— Mungoje. Sauti ya solo ni fupi, sawa hatua ya kuku. Inatoka mu bafle, inakuangukia mu sikio palepale. Sauti ya basse ni ndefu. Ndefu sawa barabara ya Epulu. Inatoka mu bafle, inapita juu ya vichwa, inatoka mu dirisha ingali imefunga mudomo. Itafungua mudomo mbele, ikipata nafasi.

— Mbele wapi?

— Boga.

Hakuna aliyecheka. Boga iko mbali, kule upande wa Semliki, na neno lililosemwa kwa utulivu namna ile lilikuwa na uzito wake.

— Niko na ushuhuda, Météo akaendelea. Shemeji yangu Angélique anaikalaka Boga. Dimanche iliyopita alinipigia simu. Kifuniko ya chungu yake kilicheza peke yake.

— Chungu inachemka, muzee, Voltage akasema.

— Haikukuwa na moto chini.

Voltage akaweka kikombe chini.

— Kilicheza namna gani? Fiacre akauliza, akimsogelea mzee.

— Alisema: polepole, kisha haraka kidogo, kisha polepole.

— Mama yangu, Fiacre akasema. Njo vile nilipiga. Ile wimbo ya matoleo. Polepole, kisha haraka kidogo.

— Nilikuambia.

— Na sasa mu Boga, Sebene akasema polepole, kule kanisani, batu banasikia basse tamu inatoka hewani. Banageuka. Banamuona bassiste wao. Nani anasifiwa?

Jambo hilo lilimchoma Fiacre kuliko maneno ya pastor. Alimwona yule bassiste wa Boga, mtu asiyemfahamu, anainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo, anapokea ndizi na kuku kwa kazi ya mwingine. Akamchukia. Halafu akakumbuka kwamba ni ndugu katika Kristo, akapunguza.

— Hata Epulu inafika, Météo akasema, maana sasa hakuna mtu wa kumzuia. Muko munafahamu masikio ya okapi? Kwa nini Mungu alimupatia okapi masikio makubwa vile, na yeye anaikalaka mu pori, hana hata jirani? Juu ya basse. Siku ya dimanche okapi zote za Epulu zinageuza uso ku Bunia. Zinasimama kimya. Mpaka baraka ya mwisho.

— Nani aliziona?

— Nani angeziona? Kila mutu iko mu kanisa.

Voltage akaziacha okapi. Akajaribu upande mwingine.

— Sawa, muzee. Sauti imeenda. Dawa yake nini?

— Haraka haraka haina baraka. Kule nyuma ya Boga kuko milima mirefu. Sauti inaipiga, inarudi. Safari ni ya kwenda na kurudi. Basi Fiacre apige samedi, Jumamosi. Apige programme yote, kuanza wimbo ya kuingia. Dimanche, chorale ikisimama, basse inaingia na dirisha, imekomaa.

— Na mi dimanche nitafanya nini mbele ya watu? Fiacre akauliza.

— Utacheza vidole tu, Jeannine akasema. Sawa siku zote.

— Na samedi mvua ikinyesha? Sebene akauliza.

— Itachelewa, Météo akasema. Tutaipata lundi, Jumatatu.

— Lundi, muzee?

— Lundi. Mutakuwa na répétition, mazoezi ya chorale.

Fiacre alijaribu kucheka, na alicheka, lakini honi ya gari ilipiga tena, safari hii mara ndefu, na Kambale alikuwa amekwisha kukaza mikanda ya begi.

— Fiacre, ndugu yangu. Miye ninaenda Kampala, hapana Boga. Sema neno moja.

— Ampli, Voltage akasema. Sawa friji.

— Compresseur na octaveur, Sebene akasema.

— Calendrier, Météo akasema.

Fiacre alifumba macho. Aliomba kifupi, kama mtu anayevuka barabara. Alitaka aambiwe ampli, kwa sababu ampli ni kitu cha kanisa, kizito, hakina majivuno. Lakini nyuma ya kope zake iliwaka ile taa ya bluu ambayo hajawahi hata kuiona.

— Leta, akaanza kusema, leta…

— Bwana asifiwe, sauti ya mwanamke ikasema.

Wote wakainuka nusu, kwa heshima. Alikuwa Mama Joséphine, présidente wa akina mama wa chorale. Hajawahi kusimama mbele ya Sénat. Huwa anapita ng'ambo ya barabara, anainua mkono, basi. Leo alikuja moja kwa moja, mita ya kushonea imening'inia shingoni, kitambaa kipya cha kitenge kimekunjwa chini ya kwapa.

— Amina, Mama, wakaitikia.

— Mi sikuje kukunywa, Jeannine, aksanti. Papa Fiacre, nilisikia Kambale anaenda leo. Ile ampli mupya itakuwa kubwa namna gani? Nataka vipimo, bamama baanze kushona mapema.

— Kushona nini, Mama? Kambale akauliza.

— Nguo yake. Iwe tayari siku ya kuingia. Ile ya kwanza tuliipatia nguo muzuri sana, uliiona? Ndani sponge, ile nene ya matelas, ya godoro. Kisha bâche, turubai ya kuzuia maji. Kisha kitenge, na maua tulishona na mukono mbele na nyuma. Vumbi ya Bunia haijagusa ile ampli hata siku moja. Pastor aliiombea siku ya Pentekoste, tukaivalisha mbele ya kanisa yote. Mama Joséphine akaonyesha kwa mikono, kuanzia kichwani mpaka chini, jinsi walivyoivuta ikakaza. Sasa hii mupya ikiwa kubwa, mi naona sponge iwe mbili.

Kwenye banc wote wakahesabu: sponge, bâche, kitenge. Tuwahurumie kidogo: Bunia ni mji wa vumbi jekundu, na nyumba gani haifuniki vitu vyake? Radio ina kitambaa, télé ina kitambaa, viti vya wageni vina vitambaa. Ile nguo ya ampli wote waliiona kila dimanche na hakuna aliyeiona, kama vile mtu haoni pua yake. Voltage alitazama viatu vyake. Sebene alitazama vikombe vyake vitatu chini. Météo alianza kupuliza kahawa, kisha akaacha.

— Mbona munaangalia chini? Mama Joséphine akasema. Kwani ile ya kwanza ina kosa gani?

— Haisikike, Mama, Kambale akasema, maana yeye alikuwa anaondoka na hakuogopa mtu.

— Haisikike? Ilianza lini?

Swali dogo hivyo. Lakini Fiacre alitamani lisiulizwe. Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hata Bénédicte hakulisema kwa sauti: yule bassiste wa zamani alisikika vizuri, akahamia Kisangani, na Fiacre alishika basse kwa mara ya kwanza mbele ya kanisa siku ya Pentekoste. Siku ileile. Miezi hii yote aliogopa mtu asije akauliza ilianza lini, kwa sababu jibu lingeanguka juu ya kichwa chake. Ndiyo maana alikuwa anatafuta watt, na pédale, na hata milima ya Boga. Akatazama mita ya kushonea shingoni mwa Mama Joséphine. Angeweza kusema hajui. Watatu wale wa kwenye banc wangemsaidia kutojua mpaka jioni.

— Ilianza siku ya Pentekoste, Mama, akasema. Siku mi nilianza kupiga. Na siku ile tuliivalisha.

Mama Joséphine alimtazama. Kisha akakitazama kile kitambaa alichokishika.

— Wakati ya kupiga, munaivulaka?

— Hapana, Mama.

— Kwa nini?

— Ilibarikiwa, Fiacre akasema. Na tulikuogopa.

— Kitambaa ya meza ya Bwana nayo ilibarikiwa, Mama Joséphine akasema. Tunaifunuaka mbele ya kukula, hapana? Ao tunakulaka kitambaa?

Jeannine ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia, akageukia birika, mabega yake yakatikisika, halafu Kambale, halafu Sénat yote ikaanguka, Voltage amemshika Météo, Météo analia machozi, anasema kwa shida kwamba okapi maskini zitasema nini sasa. Na ajabu ni kwamba Mama Joséphine mwenyewe alicheka, kicheko kidogo cha puani, mkono mdomoni. Fiacre alicheka kuliko wote. Ilikuwa kana kwamba mtu amemvua yeye ile sponge.

— Basi na ampli ya friji imekufa, Voltage akasema, akipangusa macho.

— Pédale haijakufa, Sebene akasema. Fiacre, hata moja tu. Ile ya bluu.

Gari la Kasenyi likapiga honi ya mwisho, ile fupi fupi ya hasira. Kambale alikuwa tayari anatembea kinyumenyume.

— Nilete nini?

Fiacre akasimama. Taa ya bluu iliwaka moyoni, ikangoja.

— Enda na amani, Kambale. Usilete kitu.

Kambale akainua mkono, akakimbia na begi lake linaruka mgongoni. Sebene alimfuata kwa macho mpaka alipopinda kona, kama mtu anayesindikiza maiti.

Mama Joséphine alikunja kitambaa chake upya, pole, upande kwa upande. Alikuwa anafikiri. Hakuwa na hasira, na hakuwa anacheza.

— Basi dimanche hii mi mwenyewe nitaivua, akasema. Itasikika mpaka nyuma. Lakini Papa Fiacre, unisamehe, mi ni mama wa kushona tu, miziki siijui. Ulianza siku ileile tuliifunika. Weye unapigaka muzuri?

Alilisema kama mtu anayeuliza kama chumvi imewekwa kwenye mboga ya sombe.

Voltage akamgeukia Sebene, kwa kuwa huyo ndiye mwanamuziki.

— Iko na vidole vizuri, Sebene akasema. Vidole mi niliviona.

— Nilikuuliza kama anapiga muzuri, mwanangu.

Sebene akamgeukia Météo. Mzee Lambert akatazama upande wa Boga, lakini kutoka kule nako hakukuja ushuhuda. Jeannine aliinua birika ili ajazie vikombe. Lilikuwa tupu, likatoka tone moja la tangawizi.

Na Fiacre je? Nyumbani alikuwa anapiga bila courant, sikio ameligandamiza kwenye mbao ya gitare ili asiwaamshe watoto. Kanisani hata yeye alisikia clavier tu. Alitafuta jibu kwa uaminifu, akitafuta ndani kabisa, pale anapotafuta dhambi zake jioni, na hakulipata.

— Mama, akasema, funguo ya kanisa iko na nani?

— Iko na miye.

— Na groupe iko na mafuta?

— Ya dimanche.

— Nitairudisha.

Mama Joséphine alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa funguo, akamwekea mkononi. Fiacre hakumaliza kahawa. Aliteremka njia ya kanisa haraka, karibu kukimbia, bila kuaga Sénat, na wale waliobaki kwenye banc waliona mkono wake wa kuume, vidole viwili, vinatembea juu ya paja la suruali, vinasimama, vinarudi mwanzo, vinajaribu tena.

— Polepole, Météo akasema, kisha haraka kidogo.

Wakakaa kimya wote wanne, na Mama Joséphine amesimama, wamegeuza uso upande wa kanisa, wanangoja groupe iwake.